MTO UMETULEA, NASI TUUJUE: HABARI ZA KIJIJI CHETU CHA MOHORO

(Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi siku ya kuadhimisha miaka kumi)

Najua siku ya leo wengi mmeacha shamba, na mpunga haumsubiri mtu.

Kamati ya sherehe ilinitaka niseme habari za kikundi kwa miaka hii kumi. Lakini hesabu za kikundi atazisoma Mweka Hazina, na Katibu atasoma majina ya waanzilishi. Mimi nikae niwarudie maneno yao? Hapana. Nimeona niseme habari ya kijiji chenyewe, na ya mto huu uliotulea. Sababu ninayo. Leo jioni, baada ya chakula, wanachama tutakaa tupige kura juu ya jambo la ghala. Jambo hilo limetugawa, na hakuna haja ya kulificha mbele ya wageni. Sasa mtu hawezi kuamua vizuri habari ya mahali asipopajua. Watoto wetu ukiwauliza Mto Naili unaanzia wapi watakujibu. Waulize Rufiji inaanzia wapi, wanatazamana.

Mimi ni mtu wa darasa la saba. Haya nitakayosema mengine nimeyasikia kwa wazee, mengine nimesomewa na vijana wetu waliosoma, na mengine nimeyaona kwa macho yangu. Nivumilieni.

TULIPO

Kwa mgeni ambaye hajui: ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa unapita Kibiti, unapita Ikwiriri, halafu unavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Ukishavuka uko kusini ya mto. Hapo mbele unaiacha barabara kuu na kushika upande wa kushoto, upande wa bahari. Ndiko tuliko sisi. Vitabu vya zamani vinaandika Mohoro, na siku hizi kwenye karatasi za serikali utaona Muhoro. Ni hapa hapa. Wilaya yetu ni Rufiji, makao yake Utete, katika Mkoa wa Pwani.

Nyuma yetu, upande wa magharibi na kusini, kuna vilima vya Kichi na Matumbi. Mbele yetu, upande wa mashariki, kuna mdomo wa Rufiji, pale mto unapogawanyika vijito vingi na kuingia Bahari ya Hindi, kukabili kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo sisi tumekaa katikati: mlima nyuma, mikoko mbele. Maji ya vilimani yanateremkia kwetu kwa mto wetu mdogo wa Mohoro. Na Rufiji yenyewe ikijaa, nayo inakuja kututembelea. Tuna wageni wawili, na miaka mingine wanafika siku moja.

Mikoko ya mdomo wa Rufiji ni mingi kuliko ya mahali pengine popote katika Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Humo kuna mkoko, mkandaa, msinzi, mchu na mingineyo. Humo ndimo kamba wanamozaliana. Zamani majahazi yalikuja kupakia boriti za mikoko, yakaenda nazo mpaka Uarabuni kujengea nyumba, kwa sababu kule hawana miti. Basi msidhani kijiji cha mtoni ni mahali pa kujificha. Mti wa kwetu umebeba dari za watu wa mbali.

Watu wa huku ni wengi na wamechanganyika. Kuna Warufiji, kuna Wamatumbi walioteremka kutoka vilimani, kuna Wangindo, kuna Wandengereko kutoka ng'ambo ya mto, kuna Wanyagatwa wa kule mikokoni. Tumeoana mpaka sasa ukiuliza mtu kabila lake anakuambia la baba, halafu anaongeza la mama, halafu la bibi. Na kikundi chetu ndivyo kilivyo. Hatujawahi kuulizana kabila wakati wa kutoa mkopo.

MAJI YANATOKA WAPI

Hili nalisema kwa sababu kila mwaka nasikia mtu anasema, "Mvua yenyewe hapa hainyeshi, maji haya ya nani?"

Rufiji haianzii Rufiji. Inaanza pale mito miwili inapokutana: Kilombero, unaotoka upande wa Morogoro, na Luwegu, unaotoka kusini, upande wa Ruvuma. Huko mbele unaingia Mto Ruaha Mkuu, ambao umekusanya maji ya Mbeya na Iringa. Bonde lote linalomwaga maji katika mto huu ni karibu sehemu moja kwa tano ya Tanzania Bara. Fikirini jamani. Mtu akipiga jembe Usangu, mvua ikinyesha Iringa, mwisho wa safari ni mlangoni kwetu. Ndiyo maana jua linaweza kuwaka hapa na mto ukapanda. Mama yangu alikuwa akisema anayetazama mawingu ya Mohoro peke yake hajui kulima.

Sasa mafuriko kwa mkulima wa Rufiji si adui moja kwa moja. Mgeni anaona maji shambani anasema hawa wamepata maafa. Si lazima. Mpunga wetu tunaupanda kwa mvua, na mto ukija kwa kiasi chake unaunywesha. Maji yakirudi mtoni yanaacha tope, na tope hilo ndilo mbolea yetu. Hatukuinunua dukani. Halafu tunapanda mlau, yaani yale mazao ya kufuata maji yanapopungua: mahindi, kunde, maboga. Mlau hauhitaji mvua, unakula unyevu ulioachwa na mto. Kwa hiyo mwaka mzuri mtu alivuna mara mbili katika shamba moja.

Mafuriko mabaya ni yale yanayokuja mapema mno, mpunga ukiwa bado mfupi, au yanayopanda haraka na kukaa sana. Na mwaka mbaya vile vile ni ule ambao mto haukuja kabisa. Wazee walikuwa wakiuogopa mwaka wa mto mkavu sawasawa na mwaka wa gharika.

Na wazee hawakukaa bila akili. Ndiyo maana wakajenga dungu. Vijana wa mjini wanaotusikiliza huenda hawajaliona. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi. Unalala humo msimu mzima ukilinda mpunga. Asubuhi ndege, mchana nyani, usiku nguruwe na viboko. Maji yakija yanapita chini yako, na mtumbwi umeufunga kwenye nguzo. Nani alikuwa analala dunguni kwa muda mrefu kuliko wote? Wanawake na watoto. Kelele za kufukuza ndege katika bonde hili ni sauti za mama zetu. Nataka hilo liandikwe katika kitabu hiki, kwa sababu mahali pengine halijaandikwa.

WAJERUMANI NA VITA VYA MAJI MAJI

Zamani hizo, kabla ya Wajerumani, mchele wa Rufiji ulipakiwa majahazini kwenda Unguja. Walipofika Wajerumani wakaweka ofisi yao ya serikali hapa Mohoro. Utete ilikuja kuwa makao baadaye. Kwa hiyo wakati mmoja mtu wa bonde hili akitajiwa serikali, alifikiria hapa petu.

Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, watu wa kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Kazi ilikuwa ya kulazimishwa, kiboko mgongoni, na malipo kidogo mno. Pamba ile ilichukua siku ambazo mtu angelima chakula chake. Nawauliza kina mama: siku za mpunga zikiliwa na pamba, jioni unapika nini?

Kule Ngarambe, upande wa vilima, alikuwapo mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Mwaka 1904 ilivuma habari kwamba ameingia katika kidimbwi cha maji na kutoka akiwa mkavu, na kwamba anayo dawa ya maji ya kuwakinga watu na risasi. Watu walimwendea kutoka makabila mbalimbali. Mwisho wa Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba, na vita vikaanza. Wajerumani walimkamata Kinjikitile wakamnyonga hapa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Naam, hapa hapa. Vita viliendelea bila yeye mpaka 1907, vikaenea kusini yote. Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, ikaja njaa. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Ebrahim Hussein ameandika mchezo wa kuigiza juu ya mtu huyu, unaitwa Kinjeketile, ulitoka mwaka 1969, na wanafunzi wa sekondari wameusoma nchi nzima. Mtoto wa Mbeya anasoma habari za mtu aliyenyongwa kijijini kwetu, na mtoto wetu anapita mahali hapo akienda kuchota maji, hajui. Sisemi tujisifie kunyongwa kwa mtu. Nasema makabila yaliyokuwa hayaelewani yaliunganishwa na jambo moja, nalo ni kukataa mtu mwingine akuamulie shamba lako. Hilo lilikuwa jambo la chakula, na la chakula ni la akina mama pia.

Haikupita miaka kumi vita vingine vikaja. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza hapo Unguja mwezi Septemba, ilikuja kujificha ndani ya mdomo wa Rufiji, mikokoni. Waingereza waliitafuta na kuizingira kwa miezi mingi, mpaka tarehe 11 Julai 1915 ikashindwa. Mizinga yake Wajerumani waliiopoa wakaiburura nchi nzima kupigania vita vyao. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo watu wanapiga nao picha. Wapagazi walioburura mizinga na mizigo ile hawana picha. Walikuwa vijana wa vijiji kama hivi.

MWAKA WA KUHAMISHWA

Sasa nakuja kwenye jambo linalotuhusu sana leo.

Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Serikali ilikuwa imechoka kuleta chakula cha msaada kila mto unapoharibu, na siasa ya vijiji vya ujamaa ilikuwa imeanza. Basi ikaja Operesheni Rufiji. Mwaka 1969 watu wengi waliokuwa wametawanyika bondeni wakihamishiwa vijiji vya juu, wengi wao ng'ambo ya kaskazini.

Tuseme ukweli wa pande zote mbili. Kwa upande mmoja watu walipata shule, zahanati na visima, na maji hayakuwafuata kitandani tena. Kwa upande wa pili, ardhi ya juu ni mchanga. Inakubali korosho, inakubali muhogo na ufuta, lakini haina tope la mto. Kwa hiyo nini kilitokea? Watu walirudi bondeni kulima. Nyumba juu, shamba chini. Familia ikagawanyika msimu mzima: mama yuko dunguni na mtoto mdogo, wa shule kabaki juu na bibi. Mtu anatembea kutwa kwenda shambani kwake mwenyewe.

Ukipita bondeni leo utaona miembe mikubwa imesimama peke yake, hakuna nyumba. Hiyo ni miji ya watu. Kila mwembe kuna mama aliyeutia maji. Miembe ile ndiyo daftari letu la ardhi, kwa sababu wazee wetu hawakuwa na karatasi.

KIVUKO, DARAJA NA BWAWA

Wa umri wangu mnakumbuka kivuko cha Ndundu. Kabla ya daraja, kwenda Dar es Salaam ilikuwa lazima mvuke kwa pantoni. Ikiharibika, au mto ukijaa, mnalala ukingoni na kuku wenu na wagonjwa wenu. Samaki walioza pale, na ndizi ziliivia pale. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, urefu wake karibu mita 970, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa. Toka hapo kambale na perege wa kwetu wanafika sokoni Dar es Salaam siku hiyo hiyo.

Lakini barabara haina mlango. Inapeleka samaki na inaleta wanunuzi wa ardhi. Walikuja watu wanataka mashamba ya ufuta, wengine viwanja, na kutoka miaka ya 2006 na 2007 walikuja wafugaji wengi na ng'ombe zao, baada ya kuondolewa Ihefu na Usangu. Sisemi neno baya juu ya mtu. Kila mtu anatafuta. Nasema tu kwamba ardhi ambayo zamani hakuna aliyeiulizia, sasa ina bei.

Halafu kuna bwawa. Pale juu penye korongo la Stiegler limejengwa Bwawa la Julius Nyerere la kuzalisha umeme, megawati 2,115. Ujenzi ulianza mwaka 2019, kujaza maji kulianza Desemba 2022, na umeme wa kwanza ulitoka Februari 2024. Ni kazi kubwa ya nchi yetu, na taa inayowaka mahali pengine imewashwa na maji yanayopita kwetu. Ila mkulima wa mlau lazima ajue mambo mawili. La kwanza, bwawa linashika tope. Tope likibaki juu, shamba la chini linakula akiba yake. La pili, mto uliofungwa hauendi tena kwa kalenda ya bibi. Bwawa linaweza kupunguza mafuriko, lakini likijaa sana ni lazima maji yaachiwe. Kwa hiyo tangazo la maji siku hizi ni pembejeo, kama jembe. Anayelima bondeni bila kusikiliza tangazo amelima gizani.

MWAKA 2024

Mwaka huo mvua za El Nino zilizidi nchi nzima, na mwezi Aprili maji yalitufunika. Mlikuwapo. Sitawaeleza mlichokiona wenyewe. Mpunga ulilala, mahindi yakaoza, watu wakahamia maeneo ya juu, wengine wakalala kwenye mahema. Mwaka 1998 yalikuja maji ya El Nino pia, na wengi tulidhani tumeshaona mwisho wa mto. Kumbe.

Nataka kusema kikundi kilifanya nini, kwa sababu hilo halimo katika hesabu za Mweka Hazina. Sanduku letu la kufuli tatu lilitolewa kwa mtumbwi, na wenye funguo watatu walikuwa sehemu tatu tofauti, hakuna aliyefungua mpaka walipokutana. Mfuko wa jamii tuligawa kwanza kwa wajawazito na wenye wagonjwa. Riba tuliisimamisha kwa miezi mitatu. Kuna watu walisema kikundi kimekwisha, akina mama watakimbia na madeni. Hakuna aliyekimbia. Deni la mwisho la mwaka ule lililipwa na mama aliyeuza maandazi kwenye eneo la mahema. Simtaji jina, ananitazama.

Ila yapo tuliyoshindwa kuyaokoa. Mbegu. Kila mtu alikuwa na mbegu zake ndani ya nyumba, na nyumba ziliingia maji. Mbegu za mpunga za bibi zetu, zile zinazojua kurefuka na maji, nyingine zimepotea kabisa. Pesa utakopa. Mbegu ile utaikopa kwa nani?

Na la pili ni ardhi. Baada ya maji, njaa ilipobana, mashamba yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Mengine yaliuzwa na mume, mke akapata habari alipokwenda kupanda mlau akakuta mtu mwingine amepiga kamba. Shamba lililouzwa mwaka wa njaa halirudi mwaka wa neema.

HOJA YA LEO

Sasa nifike kwenye kura.

Hoja iliyoletwa ni kwamba faida ya mwaka huu tusigawane yote. Sehemu yake tujenge ghala upande wa juu, pasipofika maji, la kuweka mbegu na mpunga wa wanachama. Wako wanaokubali. Wako wanaokataa, nao wana sababu nzito. Mwenzetu mmoja alisema katika kikao: "Tukijenga ghala juu, kesho watasema hamieni juu, na keshokutwa shamba la bonde litakuwa la mtu mwingine." Hayo si maneno ya kipuuzi. Aliyesikia habari za mwaka 1969 kwa mama yake lazima aogope.

Lakini nawaombeni tusome vizuri hiyo historia niliyowaeleza. Wazee wetu hawakuchagua kati ya juu na chini. Walikuwa na vyote viwili. Dungu lenyewe ni nini? Ni ghala la juu katika shamba la chini. Kilichowaumiza mwaka 1969 si kwenda juu. Kilichowaumiza ni kwamba hawakuulizwa, na hawakuwa na karatasi ya kule walikotoka. Sisi leo tunajiuliza wenyewe. Na karatasi ipo.

Ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Sheria hiyo inasema haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia ni sawa na ya mwanaume. Halmashauri ya kijiji inaweza kutoa Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili. Kuna wanaosema hati ni ya matajiri wa mjini. Si kweli. Imetungwa kwa ajili ya jembe la mkono.

Kwa hiyo mimi kama Mwenyekiti naleta nyongeza, mnaweza kuikataa. Ghala tusilijenge peke yake. Tuliunganishe na hati. Kila mwanachama atakayeweka gunia katika ghala la juu, kikundi kimkopeshe, bila riba, gharama za kufuatilia hati ya shamba lake la bonde. Ghala likiwa juu na jina lako likiwa chini, nani atakuambia umehama? Na tuiombe serikali ya kijiji, viongozi wapo hapa wananisikia, mipaka ipimwe mbele ya majirani na wazee, na miembe ya zamani iwe mashahidi.

Jambo la mwisho ni dogo, halihitaji kura. Wazee wanaojua majina ya mashamba ya bondeni, vijito vilivyokauka na mbegu za zamani wanapungua. Naomba kila mwanachama mwenye mtoto anayejua kuandika amtume kwa bibi mmoja na daftari. Kitabu cha miaka ishirini kiwe na majina hayo. Mimi nimesema niliyoyajua, na najua wako hapa wanaojua zaidi yangu, wamenyamaza kwa adabu tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu wanachama, mto huu umetulisha na umetuliza, na mwakani utakuja tena, mkubwa au mdogo. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi tulishavua nguo tangu enzi za bibi zetu. Basi tuoge kwa akili: shamba chini, mbegu juu, na karatasi sandukuni penye kufuli tatu.

Chakula kiko tayari. Wali ni wa mpunga wa kwetu, na samaki ni wa mtoni. Karibuni sana, na wanachama msiondoke kabla ya kura.